Hatua Kumi kwa Sita

Jina langu liliandikwa kwa kalamu nyekundu,
ile ya bluu ilikuwa imekauka.
Nyanjige Lushinge, namba sitini na moja,
kaunta buku la Bwana Masalu, ukurasa wenye doa la chai.
"Bustani za ufukweni Butimba ni chache, mama.
Wewe nenda, tutakuita."

Nikaenda.
Tangu siku hiyo simu sikuizima, hata kanisani.

Huku kwetu Igogo juu, nyumba zimeatamia mawe
kama kuku waliolalia mayai yasiyo yao.
Udongo tunanunua kwa ndoo.
Nililima kwenye besheni lililotoboka,
kwenye kopo la rangi,
kwenye buti la mvua la marehemu mume wangu,
la kushoto tu, la kulia sijui aliliacha wapi,
na humo nikavuna vitunguu vitano
vyembamba kama vidole vya mtoto mwenye homa.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nilishuka ofisini.
Sitini na moja ikawa hamsini na nane:
mmoja alihamia Geita kufuata dhahabu,
mmoja alichoka,
mmoja alikufa.
Huyo nilikwenda kumzika, nikalia kweli,
na katikati ya kilio nikajikuta nahesabu.
Mungu alikuwepo. Sijui alinifikiriaje.

Mwaka wa tatu Masalu akastaafu.
Kijana aliyemrithi, Ntobi, alilitafuta buku siku tatu,
akalikuta chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.
Akalitoa. Meza ikayumba. Mimi nikawa thelathini na tisa.

Mwaka wa tano mwanangu Kasala akaniuliza,
"Mama, si ununue tu mchicha? Fungu ni mia tatu."
Sikuwa na jibu la bei hiyo.
Nilikuwa na kopo la kahawa dirishani,
ndani yake njugu mawe za mama, kutoka Misungwi,
alizonimiminia kiganjani akisema, hizi usizipike.
Kila mvua za kwanza nililitikisa,
na kila mwaka mlio ulipungua.
Fukusi nao walikuwa na foleni yao.

Simu ilipolia ilikuwa Jumamosi, nafua.
"Mama Kasala? Kumi na nne iko wazi."
Hakusema hongera. Alisema njoo na elfu tano ya stakabadhi.
Nikashuka na povu viwikoni.

Hatua kumi kwa sita.
Niliipima mwenyewe,
kisha nikaipima tena kwa hatua fupi zaidi.
Ile niliyokuwa nayo kichwani kwa miaka saba
ilikuwa na ua, mipapai, na kigoda cha mgeni.
Hii ilikuwa na magugu, kandambili moja,
visiki vya sukuma wiki vigumu kama rungu,
na njia pana ya kiboko
akatizaye pembe ya kusini kila usiku
bila kuandikishwa kwenye buku lolote.

Jirani wa kumi na tatu, Machumu, hakunisalimu.
"Wewe ndiye uliyekuwa ukisubiri?
Bibi Nyabweke magoti yamemkatalia.
Amekuachia jembe. Amesema usimshukuru,
uloweke mpini, umelegea."

Nikaliloweka ziwani, kati ya magugumaji,
nikakaa juu ya jiwe nikingoja mti unywe,
na kungoja huko hakukuniuma.

Nikafungua kopo.
Kumi na tisa nzima, nyingine zote unga.
Nikafukia kumi na nane.
Moja nikairudisha koponi,
nisije nikausahau mlio.

Usiku sikulala.
Kutoka Igogo hadi Butimba ni mbali, kiboko hasikiki,
lakini mimi nilimsikia akitafuna.